Kambare wa Bahati Mbaya

Haya jamani, nitege?

— Tega!

Nitege upande gani?

— Upande wetu wenye njaa!

Na kikinasa kisichotakiwa?

— Kilete kwanza tukione!

Basi kaeni vizuri. Palikuwa na bwawa lenye mafunjo pande zote, na wanyama wa hapo waliishi kwa samaki. Walivua, wakavua, wakavua, mpaka samaki wakawa wa kutafuta. Ulitega asubuhi, ukategua jioni, ukapata matope.

Wakaitana, wakakaa, wakaweka sheria. Wakati wa masika, kambare jike anapopanda kwenda kutaga mayai, asivuliwe. Wavuliwe perege tu.

Kobe akauliza, "Na kambare akiingia mwenyewe kwenye mtego wa perege?"

"Akiwa hai, arudishwe majini," wakajibu.

"Na akiwa amekufa?"

Hapo wakagawanyika. Wengine wakasema atupwe. Wengine wakasema kumtupa ni dhambi, watoto wanalala na njaa. Wengine wakasema aliwe basi. Wengine wakasema, "Mkiruhusu aliwe, mtaona kambare wa bwawa hili wanavyojifia wenyewe kila siku!"

Wakabishana mpaka makoo yakakauka. Ndipo Mamba, mkubwa wa maji yale, akajikohoza. "Mleteni kwangu. Nitamzika kwa heshima zake."

Wote wakaona hilo ni jambo la busara. Wakashukuru, wakaenda zao.

Sasa, pembeni mwa bwawa aliishi Mama Nguchiro, mjane mwenye watoto. Alikuwa mdogo wa umbo, lakini mikono yake ilijua kusuka mgono, ule mtego wa fito ulio kama kikapu kirefu: samaki akiingia mdomoni, ncha za fito humchoma akitaka kurudi.

Siku moja akategua mgono, chubwi! Ndani perege mnene. Akafurahi. Kabla hajafika nyumbani, Mamba huyo, kaziba njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Nguchiro. Umebeba nini?"

"Perege, mzee. Anaruhusiwa."

"Anaruhusiwa, ndiyo. Lakini niambie: ulipotega, ulimkusudia perege huyuhuyu?"

"Huyuhuyu nitamjuaje, mzee? Nilikusudia perege yeyote."

"Kwa hiyo huyu hukumkusudia."

"Huyu hasa... hapana."

"Basi kaingia kwa bahati mbaya. Na amekufa. Lete nimzike."

Mama Nguchiro akatazama njia, imezibwa. Akatoa perege. Kacha-kacha, gudu! Mamba akazama.

Kesho yake akapata perege mwingine, akakutana na Mamba. "Ulimkusudia huyuhuyu?" Kacha-kacha, gudu! Siku iliyofuata vilevile. Jirani yake, Fisi Maji, naye alinyang'anywa vilevile. Watoto wa Nguchiro wakaanza kutafuna mizizi ya mafunjo. Mdogo wao wa mwisho hata kulia akaacha, na hilo ndilo lililomtisha mama yake kuliko kilio.

Asubuhi moja akakuta ndani ya mgono kambare jike, mkubwa, tumbo limejaa mayai, amekufa. Amekufa kweli, amekwama kwenye fito. Mama Nguchiro akakaa ukingoni akamtazama. Nyama ile ingewatosha watoto. Hakuna aliyemwona. Akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena, akaurudisha tena.

"Nikimla leo, tutashiba leo," akajisemea. "Kesho Mamba bado yupo."

Akaanza kazi. Akafungua mdomo wa mgono akaupanua, akaongeza fito nene, akanoa ncha zake, akaufunga mgono kwenye mzizi wa mkuyu kwa kamba ya katani. Kambare akamwacha kulekule ndani, mwishoni kabisa. Kisha akaenda kwa Mamba.

"Mzee, nimepata msiba. Kambare mwenye mayai kafia kwenye mgono wangu. Ni mzito, nimeshindwa kumtoa. Nimeona nisimguse, sheria isije ikanikamata."

"Umefanya vyema sana, mwanangu," akasema Mamba, na mate yanamdondoka. "Yuko wapi marehemu?"

Akaonyeshwa. Mamba akaingiza pua, bado. Akaingiza kichwa, bado kidogo. Akasukuma, kwaa! Fito zikambana taya. Mnajua mamba ana nguvu za kufunga mdomo. Za kuufungua hana. Akarudi nyuma, ncha zikamchoma. Akapiga mkia, puu! puu! Mkuyu haukutikisika.

Mama Nguchiro akapanda kichuguu, akaita, "Jamani njooni! Nimenasa kitu kwa bahati mbaya!"

Wakaja wote. Wakashangaa.

"Nilitega perege," akasema Nguchiro, "nimepata Mzee Mamba. Sikumkusudia. Sheria inasemaje?"

Chura akasogea akaukagua mgono. "Mbona siku hizi mgono wako una mdomo mpana hivi?"

"Mkono uliteleza nikisuka, ndugu yangu."

Kobe akasema, "Akiwa hai arudishwe majini. Akiwa amekufa azikwe."

"Niko hai!" Mamba akasema kwa meno yaliyobanana, lakini ilisikika, "Mmmhai."

"Sijasikia vizuri," akasema Nguchiro. "Tujiandae kwa yote mawili. Mzee, wale samaki wetu umewazika wapi? Tukakuchimbie karibu nao, msikae mbalimbali."

Mamba akafumba macho.

"Hutaki kutuonyesha makaburi? Basi tuchimbe popote." Fisi Maji akaanza kufukua, fuku-fuku-fuku.

Mamba akaona udongo unarushwa. Akaogopa. "Tumboni!" akanguruma kwa nguvu zote, safari hii wakamsikia. "Wako tumboni! Wote! Niacheni!"

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamekonda mno kucheka. Wakataka kumpiga, lakini Mama Nguchiro akasimama mbele yao. "Yuko hai. Sheria ni arudishwe majini. Ila haikusema maji gani." Wakakata kamba, wakamburuta na mgono wake mpaka mto mkubwa wa bondeni, wakauvunja mgono, na mkondo ukamchukua.

Kisha wakakaa tena na lile swali lao. Safari hii Kobe akasema, "Aliyenasa asimle kambare aliyekufa. Ampe jirani. Hivyo chakula hakitupwi, na hakuna atakayetamani bahati mbaya." Wakakubali. Kweli, masika yale kambare walipanda kwa wingi wakataga, na mafunjo yakajaa vifaranga vya samaki.

Masika yaliyofuata, Fisi Maji akabisha hodi kwa Mama Nguchiro na kambare mnene.

"Amenifia, jirani. Bahati mbaya. Ni wako."

"Pole sana. Karibu ndani, tule pamoja."

"Lakini mimi ndiye niliyemnasa."

"Sheria inakukataza kula samaki wako. Huyu ni wangu, na wewe ni mgeni wangu."

Wakapika, wakaketi, watoto wakashangilia. Wiki ileile Mama Nguchiro naye akapatwa na bahati mbaya, akaipeleka kwa Fisi Maji, akakaribishwa. Halafu Fisi Maji tena. Siku hiyo, alipokuwa akimpasua kambare, Mama Nguchiro akakuta mayai tele, mekundu, bado yana uhai wa kung'aa. Akayashika kiganjani kwa muda mrefu.

"Jirani," akauliza polepole, "ulipomkuta, alikuwa amekufa kweli?"

Fisi Maji akatazama bwawani.

"Pika, mama," akasema. "Chungu kinachemka."

Mama Nguchiro akakaa na mayai yake mkononi. Watoto walikuwa wanamtazama. Akayatia chunguni, akapika, akala.

Hapo ndipo nilipofika mimi. Palipo patamu mbebe mwende napo nyumbani, palipo pachungu niachieni mwenyewe.

Na fundisho? Fundisho ni hili: sheria ni kitu kizuri, na jirani mwema ni kizuri zaidi. Basi pendaneni, wanangu, hasa wakati wa masika.