Kidole Kilichosita

Hapo zamani, si ile ya majini na wafalme, ni hii ya juzi tu, katika chuo kikuu kimoja cha Korea, alikuwako Mwalimu Han, bibi mkali wa muziki wa jadi. Alifundisha kayagum, ala ndefu ya nyuzi kumi na mbili inayolazwa mapajani. Karatasi za noti alizipiga marufuku. "Nitazame mikono, nisikilize, urudie," alisema. Wakatazama, wakasikiliza, wakaurudia wimbo wake wa kurithi, miaka minne.

Wanafunzi walikuwa watatu: Mkawasi, aliyetoka Taita, na wenyeji wawili, Kitae na Sunhi. Mkawasi hakuwa na kayagum yake. Ile ya chuo angeirudisha akihitimu, na kwao haiuzwi. Kwa hiyo Mwalimu Han, aliyekuwa akistaafu, aliposema, "Ala yangu nitampa atakayepiga wimbo wangu," Mkawasi alikosa usingizi wiki nzima.

Siku ikafika. Mkawasi akapiga. Katikati, palepale mwalimu anaposita, naye akasita.

Kitae akapiga. Hakusita.

Sunhi akapiga. Pale pa kusita akatia sauti zake mwenyewe.

"Mbona mmepishana?" mwalimu akauliza.

Kitae akasema, "Mwalimu, niliitafuta kanda yako ya ujanani. Hukuwa ukisita. Ulianza ulipovunjika kidole. Mimi nimepiga wimbo wako wenyewe. Ala ni yangu."

Sunhi akasema, "Mwalimu, ulitwambia kila aliyeurithi wimbo huu alitia chake. Nami nimetia changu. Ala ni yangu."

Mkawasi aliona haya. Miaka minne amejifunza maumivu ya mtu akidhani ni ufundi! Akasema, "Mwalimu, habari ya kidole sikuijua. Uliniambia nikutazame, nikakutazama. Kidole changu ni kizima, lakini pale sasa hakipiti bila kusita. Ala..."

Mwalimu Han akakitazama kidole chake kilichopinda. Akacheka, kisha akafuta machozi. Akailaza kayagum katikati ya mkeka, akavaa viatu, akatoka.

Basi nyinyi mnaotafuna karanga hapo, msinitazame mimi. Ala ingali mkekani, na ndege ya Mkawasi inaondoka kesho. Je, ni nani kati yao aliyepiga wimbo wa Mwalimu Han?