Siku Mama Nguchiro Alipopata Mtoto wa Sita

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita, Mama Nguchiro alijifungua watoto watano kwa mkupuo mmoja. Watano! Tena wote sura moja.

Pori zima likahamia kichuguuni kwake. Tembo, mkuu wa pori, akatoa amri: "Watano hawa ni fahari yetu! Kutwa wakae nje tuwaone."

"Mkuu wetu, sasa watalala saa ngapi?" akauliza Mama Nguchiro.

"Watalala wakikua."

Basi Nyati akawa anafoka, "Geukeni huku!" Kiboko naye anacheka, kwa kwa kwa! Wiki haikuisha, Kidawa, aliyezaliwa wa mwisho, akashikwa na homa. Hata kunyonya hawezi kwa usingizi. Mama yake alilia sana, kisha akafuta machozi, akafikiri.

Asubuhi akatangaza, "Wageni wetu, wanangu leo wana haya. Watatoka mmoja mmoja. Nyie hesabuni tu!"

Chupu! Kitoto kikachungulia tundu la kwanza, kikazama. Chupu! Tundu la pili.

"Wawili! Watatu! Wanne! Watano! Wametimia!" Wakaenda kunywa maji, wakarudi kuhesabu tena.

Kumbe ni Machano, kaka yake Kidawa, peke yake, anakimbia chini kwa chini toka tundu hadi tundu huku nduguze wanakoroma, khoroo! Kesho yake ikawa zamu ya mwingine. Kidawa akapona, akanenepa.

Lakini huyo Machano alipenda mno vigelegele. Siku moja zamu yake ilipofika, akajisahau, baada ya mara ya tano akachungulia tena. Chupu!

"Wa sita!" akapayuka Nyati.

"Lo! Amezaa tena! Hongera, mama!" akasema Kiboko.

Tembo hakushangilia. Akamnyanyua Machano kwa mkonga. "Nguchiro, umetuchezea! Watoe wote, sasa hivi!"

Mama Nguchiro akasimama wima. "Nitawatoa, Mkuu. Mwezi mzima umewatazama. Nitajie tu huyo uliyemshika anaitwa nani."

Tembo akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Kiboko. Kiboko akatazama miguu yake.

"Basi taja jina la yeyote."

Nyati akajifanya anakula majani.

"Mimi Machano," kitoto kikasema kule juu. "Na Kidawa amepona. Au hamkujua kuwa alikuwa anaumwa?"

Tembo akamtua polepole, akajifunika uso kwa masikio yake. "Twendeni zetu," akanong'ona. "Watoto walale."

Nami nawaambia, wanangu: anayehesabu tu watoto wa mwenzake, bado hajawaona.