Habu ya Chuma na Nafasi Moja

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Nikishaanza sipendi kukatizwa, na mwishoni nitawauliza swali. Atakayesinzia ndiye nitakayeanza naye.

Huko milimani Usambara, kitongoji cha Kwemhina, walikuwapo watoto wa ndugu watatu. Hoza alikuwa na vidole: akishika chuma anajua kizima na kibovu. Tabia alikuwa na subira, ile ya kufungua kitu mara kumi bila kutukana. Singano alikuwa na miguu. Akili pia alikuwa nayo, ila watu walizungumzia miguu.

Kila mwaka vitongoji vya mlimani hushindana kwa baiskeli: unapanda, unavuka vijito vitatu, unateremka kwenye mawe. Sharti ni moja, baiskeli iundwe na wenyeji wenyewe kwa vipuri vya bei nafuu. Inayoshinda ni baiskeli, si mtu. Mwaka huo zawadi ilikuwa nafasi moja ya kusomea ufundi mjini Tanga, mwaka mzima, na sanduku la vifaa juu yake. Wote watatu waliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukawapaa.

Miaka miwili mfululizo Kwemhina ilikuwa imeangushwa na habu, kile kidude cha katikati ya gurudumu kinachoshika spoku zote na kupitisha ekseli, kikizunguka juu ya gololi, vile vitufe vya chuma. Miaka yote miwili walinunua inayong'aa, na miaka yote miwili ilikwama kabla ya kijito cha tatu. Watu wa Kwemhina tunapenda vya kung'aa, tusifichane.

Safari hii Hoza alishuka mwenyewe sokoni. Muuzaji akamwekea habu mpya, nyepesi, nzuri kama bangili.

"Chukua hii, kijana, ndiyo wanayotaka wote."

"Ikinifia mlimani, gololi zake nitazipata wapi?"

"Hizo zinaagizwa."

"Basi abaki nayo anayeagiza."

Akainama kwenye lundo la vyuma chakavu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kila habu aliishika ncha za ekseli kwa vidole viwili, akafumba macho, akaizungusha polepole. Ya arobaini na kitu ilikuwa ya chuma, nzito, imefifia, lakini ekseli imenyooka na njia ya gololi haina hata kishimo. Gololi zake ni zile zile zinazouzwa kila duka la kijijini. Akarudi nayo akichekwa njia nzima.

Tabia akaifungua. Ndani mlikuwa na gololi kumi na nane, tisa kila upande, na saba zimechubuka.

"Badilisha hizo saba tu," Singano akamwambia.

"Mpya zikikaa na kuukuu zilizolika, mpya zitabeba mzigo peke yake na kupasuka. Nazitoa zote."

Akazitoa zote, akapaka grisi, akakaza. Kisha akafanya jaribio la kwao: gurudumu hulazwa kijitoni kutwa nzima, jioni hufunguliwa. Grisi ikatoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yameingia. Akakata kizibo kwenye mpira wa tairi kuukuu, akalilaza tena. Nyeupe. Akakata kingine, chembamba zaidi, akalilaza mara ya tatu. Grisi ikatoka nyeusi vilevile alivyoipaka. Tabia akakaa chini akalia kwa furaha, na hakuona haya.

Siku ya mashindano Singano akapanda. Habu ilikuwa nzito, na kwenye mwinuko wa kwanza wanane walimpita. Akazidi kukanyaga. Baada ya kijito cha pili akaanza kuwakuta wamebeba baiskeli mabegani, magurudumu yamekwama. Kwenye mteremko akaanguka, goti likachanika hadi nyama ikaonekana. Akalifunga kwa shati, akapanda tena, akawafukuza wawili waliobaki mbele. Akamaliza wa kwanza kwa urefu wa gurudumu.

Mwalimu Mbelwa, mama aliyesimamia mashindano, akaja na fomu.

"Hongereni, wanangu. Nipeni jina moja. Jua likizama bila jina, nafasi inakwenda kwa washindi wa pili."

"Ni mimi," Hoza akasema. "Bila mimi mngekuwa na kile kibangili, na sasa hivi kingekuwa kimekwama."

"Kaka Hoza, wewe ulileta kopo la kutu," Tabia akajibu. "Aliyelifanya gurudumu ni nani? Ni mimi."

"Na gurudumu lenu lingeshinda likiwa barazani?" Singano akauliza, damu ikimchuruzika. "Nimeacha nyama yangu kule juu."

"Tupige kura ya vijiti basi," Hoza akasema.

"Sitaki bahati," Mwalimu Mbelwa akakataa. "Nataka jina na sababu yake."

Hakuna aliyerudi nyuma, na mimi siwalaumu, kwani kila mmoja alisema kweli. Wako wanaosema aende Hoza, maana jicho la kuchagua halifundishwi, lisipotee bure. Wako wanaosema Tabia, kwani ufundi ndio kazi yake tayari. Wengine huuliza: kama tayari anaujua, kwa nini asiende Singano, ambaye bila darasa atabaki na miguu tu, na goti lenyewe ndilo hilo?

Jua limeshagusa mlima. Mwalimu ameshika kalamu, na fomu ina mstari mmoja. Wewe hapo, usimtazame jirani yako. Ungeandika jina la nani, na hao wawili ungewaambia nini usoni?