Ree Tatu za Devji

Wapo watu ambao hawaangushwi na ukosefu wa bahati. Bahati huwajia mpaka mlangoni, ikavua viatu na kuketi, nao wakaiacha iketi mpaka ikachoka ikaondoka zake. Watu wa namna hiyo wahenga waliwawekea methali, na katika mji wa Wete aliyekuja kuithibitisha ni Devji, muuza vitambaa.

Devji alikuwa mtu wa makamo, mpole wa maneno na mwepesi wa hesabu. Duka lake lilikuwa chini, yeye na mkewe Hansa wakiishi juu, katika nyumba ya mawe ambayo babu yake alianza kuipanga kabla barabara ya mbele haijatiwa lami. Watu walitoka Wingwi, Gando na hata kisiwani Fundo kuja kununua kwake kanga na vitambaa vya sare za skuli. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Nadhira, mjane aliyehamia Unguja kwa binti yake. Kodi ilipelekwa kila mwezi, na kwa vizazi vitatu hapakuwa na neno baya baina ya familia hizo mbili.

Mchana, maduka yanapofungwa kwa sala na chakula, Devji alikuwa akipanda juu, akafungua kompyuta yake ndogo na kucheza poka mtandaoni na watu asiowajua, wa nchi asizowahi kuzikanyaga. Majirani zake Waislamu waliihesabu kamari kuwa haramu, naye kwa kuwastahi hakuizungumza barazani. Hakuwa mtumwa wa mchezo huo. Alitenga fedha kidogo, na zilipokwisha alifunga. Ila alikuwa na ufundi mmoja aliojivunia. Wengine wakipata karata nzuri hupandisha dau papo hapo. Yeye alijinyamazia kama paka anayejifanya amelala, akawaacha wenzake waingie mmoja mmoja, ndipo arukie chote kilichomo.

"Karata nzuri haitangazwi," alimwambia Hansa siku moja. "Ukiitangaza watu hukimbia, ukaambulia makombo."

Hansa alikuwa akipiga pindo dirishani. Mchezo ule alikwisha kuujua kwa kuchungulia tu begani mwa mumewe. "Si wote wanaokimbia," alisema. "Wapo wanaolipa hapo hapo."

"Watalipa zaidi nikingoja."

Jumapili moja ya mwezi wa Rajabu alikaa mezani akiwa na laki nane, akiba ya miezi mitano ya ushindi mdogo mdogo. Katika mchezo ule kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa awamu, zikawa za wote. Na kila awamu ni nafasi ya kuongeza dau. Devji alipewa ree mbili, karata zisizo na mwenzao kwa ukubwa. Hakupandisha kitu. Alitia kiasi kile kile cha chini, na mtu mmoja wa ng'ambo akaingia kwa bei hiyo hiyo ya bure.

Zikafunuliwa tatu: ree nyingine, na kopa mbili, tisa na nne. Sasa Devji alikuwa na ree tatu. Akapita bila dau, na yule wa ng'ambo naye akapita. Ikaja karata ya nne, bibi wa shupaza. Devji akapita tena.

"Tia dau," Hansa alinong'ona.

"Bado hajanona."

Karata ya tano ilikuwa mbili ya kopa. Yule mtu aliyekuwa kimya kama maji mtungini akaweka dau zito. Devji akatabasamu na kusukuma mbele laki nane zote. Karata zilipofunuliwa, mwenzake alikuwa na saba na sita za kopa. Kopa zake zilitimia tano, na kopa tano huzipiga ree tatu.

"Bahati mbaya," Devji alisema, akaifunika kompyuta.

"Kopa ya mwisho ulimpa wewe bila malipo," Hansa alimjibu. "Ungelimtoza tangu mwanzo, ama angelikulipa ama angeliondoka." Kisha akarudi kwenye pindo lake, kwa kuwa mumewe alikwisha kushika ngazi kwenda kufungua duka.

Wiki ile ile Bi Nadhira alikuja kutoka Unguja. Alipanda ngazi akishika ukuta, akipumzika kila baada ya hatua mbili, kwani magoti yalikuwa yakimsumbua. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za watoto, alikwenda moja kwa moja kwenye lililomleta.

"Mwanangu Devji, nimeamua kuiuza nyumba. Binti yangu anaishi ghorofa ya tatu na mimi ngazi siziwezi tena. Baada ya Ramadhani nataka nijengewe chumba cha chini huko Unguja. Watu watatoa milioni arobaini na tano kwa nyumba hii, lakini nimeanza kwako. Nyinyi mmeitunza kuliko sisi wenyewe. Una ngapi?"

Devji alikuwa na milioni thelathini na mbili benki. Jibu lilimfika mpaka ncha ya ulimi. Lakini alimtazama mama yule, akaona haja yake, akaona kwamba hapakuwa na mnunuzi mwingine mezani. Akajisemea kwamba akikaa kimya kidogo, bei itashuka yenyewe.

"Biashara imelala, Bi Nadhira," alisema. "Hata kumi sina."

"Sizitaki zote kwa mara moja. Nipe ulichonacho, kilichobaki nitakungojea mpaka msimu wa karafuu."

"Acha nitazame, Bi. Nitakupigia."

Hansa alimsikiliza mumewe akisema uongo ule, chai ikipoa mkononi mwake. Mgeni alipoondoka alimwuliza kwa nini hakusema ukweli.

"Atarudi na thelathini na tano," Devji alisema. "Mwezi ujao labda thelathini. Usiwe na pupa."

Mwezi wa Shaabani Bi Nadhira alipiga simu. Devji akalia njaa ile ile. Bei ikashuka hadi arobaini, naye akamtazama Hansa kama mtu aliyeshinda. Ramadhani ilipofika kumi la mwisho Bi Nadhira alipiga tena. Sauti yake ilikuwa ya uchovu.

"Mwanangu, nakuuliza mara ya mwisho. Mafundi wanataka kuanza. Kweli huna?"

"Kweli sina, Bi. Tuvute subira mpaka Idi ipite."

"Haya. Mungu akufungulie," alisema, akakata simu.

Siku ya nne ya Idi aliingia dukani Haitham, muuza magodoro wa Chake Chake, mtu mwenye adabu zake. Alimsalimu Devji, akakaa, akatoa hati na kuiweka juu ya jora la kitambaa cheupe.

"Bwana Devji, nimeona nije mwenyewe, usisikie kwa watu. Nyumba hii nimeinunua. Nataka kuweka mali yangu hapa, juu na chini. Sitakufukuza kama mwizi. Chukua miezi mitatu."

Devji aliisoma hati mara mbili. Haitham alikuwa ametoa milioni ishirini na tano. Zilizobaki, kumi na tano, atazilipa karafuu zikivunwa.

"Niuzie mimi," Devji alisema. "Nakupa hamsini. Thelathini na mbili leo hii."

Haitham alitikisa kichwa polepole. "Nimetafuta mahali Wete miaka saba. Hata sitini siuzi. Unisamehe."

Alipoondoka, Devji alimpigia Bi Nadhira. Mara ya kwanza alikosea namba. Akamwambia fedha anazo, alikuwa nazo tangu siku ile ya chai, nyingi kuliko alizotoa Haitham.

Mama yule akasema bila hasira, "Nilikuuliza mara tatu, mwanangu. Ukaniambia huna. Nikakuamini."

Miezi mitatu haikukawia. Walihamia kwenye chumba cha duka nyuma ya soko, kimoja tu, ambamo majora hayakuenea ikabidi mengine yauzwe kwa hasara. Wateja wa Fundo walifika mlango wa zamani, wakakuta magodoro, wengine wakarudi walikotoka. Siku ya mwisho Hansa alifagia vyumba vitupu vya juu, ukuta kwa ukuta, kama kwamba kesho yake wangelala mle. Alipomaliza alisimama mlangoni.

"Zile milioni thelathini na mbili zipo?" aliuliza.

"Zipo," Devji alisema. "Hata shilingi haikupungua."

Hansa akamkabidhi funguo ampelekee Haitham, naye Devji akashuka ngazi za nyumba aliyozaliwa, akijua sasa kwa gharama yake kwamba chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.