Makawa ya Diwani Mbaruku

Sogeeni niwape, na mkila mkumbuke. Kijijini kwetu tulichanga ng'ombe wa kufungulia zahanati. Diwani Mbaruku, tumbo mbele mwenyewe nyuma, akamfuata mpishi wetu, Bi Mafunda.

"Pilau na minofu ndani, kwa wakubwa wangu wa wilayani. Hawa wa jamvini nje wape ukoko na mifupa."

"Ng'ombe si wetu sote, baba?"

"Wee! Hao wameuzoea ukoko."

"Haya. Lakini watanuna, na kura ziko karibu. Mimi masinia yote nitayafunika makawa. Wewe, kabla hawajafunua, shika kipaza sauti uwaambie ndani na nje chakula ni kimoja. Wataona haya kulalamika."

Diwani akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kumbe una akili, bibi!"

Siku ikafika. Akasimama mlangoni, akapaza: "Ndugu zangu, sisi sote sawa, ndani na nje chakula ni kimoja! Atakayelalamikia sinia lake ni adui wa usawa!" Tukampigia makofi.

Makawa yakafunuliwa. Nje, pilau na minofu inang'aa mafuta. Ndani, mbele ya wakubwa, ukoko mweusi na mifupa.

Diwani akamkimbilia Bi Mafunda jikoni. "Umenifanyia nini wewe?"

"Kwani chakula si kimoja, baba? Kama sivyo, kipaza sauti kile pale, kawaambie."

Akarudi akaketi. Akautafuna ukoko, kru, kru, kru, na sisi nje tunamsikia.

Hapo nami nafunika kawa langu.