Kombo na Mzizi Mdomoni

Hadithi nimekuja nayo.

— Itue, tumekaa.

Ni ya kulia.

— Tutalia pamoja nawe.

Hapo zamani, zamani sana, palikuwa na nguchiro mjane aliyeishi na wenzake ndani ya kichuguu kikuukuu. Alizaa pacha, Kombo wa kiume na Mize wa kike. Walilala wameshikana mikia. Mmoja akilia, na mwenzake alilia.

Siku moja Kombo alichomwa na mwiba, akalia. Mjomba wake akacheka. "Sikieni huyo. Kumbe humu mna mabinti wawili?"

Mama akaona haya. Akamziba Kombo mdomo kwa mkono. "Nyamaza, mwanangu. Dume halii."

Kombo akanyamaza.

Mvua za kwanza zikaleta kumbikumbi. Shangazi yao alikuwa mgonjwa, hatoki. Mize alikuwa na njaa, akatia mmoja mdomoni. Mama akamchapa kofi. "Mwanamke gani wewe, unaanza na tumbo lako? Mpelekee shangazi yako kwanza."

Kombo naye akabeba wake kumpelekea shangazi. Mjomba akamwona. "Haya, mama mzazi, na uji umeshapika?"

Wote wakacheka. Kombo akarudi pembeni, akala peke yake mpaka wakaisha. Mjomba akampiga begani. "Hapo sasa."

Tangu siku hiyo Mize akazoea kulala na njaa. Kombo akazoea kushiba peke yake. Majirani wakasema, ndivyo walivyozaliwa.

Ikaja masika kubwa. Upande mmoja wa kichuguu ukaporomoka, ukamfunika Kombo. Hakufa. Alibanwa miguu tu, kwenye giza, na maumivu makali.

Mama akaja juu yake akaita, "Kombo, uko humu? Itika."

Kombo alisikia. Lakini moyoni alisikia na kicheko cha mjomba cha siku ile ya mwiba. Akauma mzizi ili asilie.

Mama akaita mara ya pili, "Kombo, mwanangu."

Kombo akasema moyoni, nitatoka mwenyewe. Akauma mzizi zaidi.

Mama akaita mara ya tatu. Safari hii Kombo alitaka kuitika. Pumzi haikuwapo tena.

Kwa kuwa hapakuwa na sauti, wakaenda kuchimba upande wa pili, siku mbili nzima. Siku ya tatu Mize alirudi pale mama alipokuwa amesimama, akafukua. Kombo alikuwa chini kidogo tu, urefu wa mkono mmoja. Mzizi ulikuwa bado mdomoni.

Mjomba akasema, "Alikuwa dume kweli."

"Nyamaza, kaka," mama akasema. "Alizaliwa analia kama dada yake. Mdomo nilimziba mimi."

Jioni Mize alileta kumbikumbi, akawaweka mbele ya mama, akakaa mbali kama alivyofundishwa. Mama akamsogezea wote.

"Anza wewe, mwanangu."

Mize alimtazama mama. Hakujua aanzeje.

Wasikilizaji wangu, mtoto hazaliwi na roho ngumu, wala hazaliwi na kazi ya kujinyima. Sisi tunaowalea ndio tunaowagawia. Basi tuwagawie sawa, chakula na machozi.

Hadithi yangu naiweka hapa mlangoni. Mwenye mtoto nyumbani na aondoke nayo.