Vazi la Ukurasa wa Waliopotea

Hapo zamani, na msinicheke, maana zamani ya mtandao si zamani ya babu zetu, mwaka mmoja kule ni umri wa mtu mzima. Basi, hapo zamani mto Lugufwa ulifurika. Haukuvimba polepole kama mito yenye adabu. Ulikuja mchana kweupe, jua linawaka, watu wanaanika mihogo, kwa sababu mvua yenyewe ilikuwa imenyesha mbali, milimani kusikoonekana. Daraja likaenda. Shule ikaenda. Waliokuwa ng'ambo hii wakabaki hii, waliokuwa ng'ambo ile wakabaki ile, na katikati yakapita maji mekundu yenye kunguruma mpaka watu wakawa wanasemeshana kwa mikono.

Siku hiyo ilikuwa siku ya gulio ng'ambo ile. Ng'ambo hii alikuwapo mama aitwaye Nyamizi, mwenye mimba pevu, hawezi kutembea mwendo huo, kwa hiyo jirani yake alimchukua Mhoja, mtoto wa pekee wa Nyamizi, akamnunulie viatu. Maji yalipokuja gulio zima lilikimbia, na katika kukimbia mkono wa Mhoja ukamponyoka jirani. Jirani alipiga simu akilia kwamba amemtafuta kote asimpate. Baba mtu alikuwa machimboni, barabara imekatika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi aliyekuwepo alikuwa mmoja.

Sasa sikilizeni ubaya wa jambo lenyewe. Mhoja alikuwa na miaka mitatu na hajatamka neno. Hakuwa kiziwi wala hakuwa mgonjwa, alikuwa tu hajaanza kusema. Mtoto asiyesema atamwambia nani jina la mama yake? Tena wakubwa wa kambi ya waliookolewa ng'ambo ile walitangaza kuwa gulio lijalo litakuja lori kuwachukua watoto wasio na wenyewe, kuwapeleka kwenye nyumba ya malezi katika mji mkubwa. Mtoto akifika kule bila jina hupewa jina jingine, na akishapewa jina jingine, haya, mtafute.

Mjini, mbali na mto, palikuwa na vijana watatu waliofanya kazi katika duka moja la kompyuta. Sizya, binti mwenye jicho la kupamba. Ndalahwa, kijana asiyependa kusubiri. Na Mwasiti, asiyeona tangu kuzaliwa, ambaye simu yake ilimsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Walipoona picha za waliopotea zinatapakaa ovyo kwenye simu za watu, walikubaliana kutengeneza tovuti moja, mtu akipoteza aje hapo, akiokota aje hapo.

Tovuti huvaa, ndugu zangu. Mafundi vazi hilo huliita kiolezo. Ndilo linaloamua rangi, maandishi yakae wapi, picha ziwe na ukubwa gani. Na vazi lina uzito. Kitenge chepesi unakimbia nacho, joho la bwana harusi unatembea nalo kwa madaha.

Sizya alichagua joho. Alisema mtu aliyepotelewa haji kusoma, anakuja kutazama, basi atazame vizuri. Kila mtoto alipewa picha pana, ukingo hadi ukingo, kwenye rangi tulivu ya maziwa, na picha zilijitokeza taratibu kama mtu anayefunguliwa mlango. Waliouona ukurasa ule walivua kofia. Nasema kweli, hata wale waliouona kwa kupita tu walirudi kuutazama tena.

Ng'ambo ya mto alikuwapo mjane aitwaye Bi Kashindye. Yeye ndiye aliyemwokota Mhoja chini ya meza ya muuza dagaa, na kwa kuwa kambi ilijaa, alipewa ruhusa akae naye kwake. Watu wengi walikuja na simu zao kumpiga picha mtoto, na wote aliwafukuza. Alikuwa amesikia habari za watu wanaokusanya picha za watoto wa wenzao kwa mambo yao. Mpwa wake alipomwonyesha tovuti ya Sizya, bibi aliitazama muda mrefu, kisha akasema hawa wana heshima, angalia walivyowakalisha watoto wa watu. Akaruhusu picha ipigwe. Mhoja alikuwa kipara, maana watoto wote walinyolewa kwa sababu ya chawa, na alivaa fulana nyeupe ya msaada, ileile waliyovaa wote.

Lakini picha haikupanda siku hiyo. Mwasiti aliizuia. Yeye alikuwa na sharti lake, kwamba hakuna picha itakayopanda bila maneno chini yake, kwa kuwa simu yake haiwezi kusoma uso. Picha isiyo na maneno kwake ilikuwa ukimya mtupu. Basi alimpigia kila mlezi na kuuliza: mtoto akiona njaa hufanyaje, akiogopa hukimbilia wapi, hulalaje. Wenzake walilalamika kwamba anachelewesha. Hakuwajali. Zamu ya Bi Kashindye ilipofika ilikuwa imepita siku ya pili, na bibi akamweleza, naye akaandika.

Kijijini kwa Nyamizi mtandao ulipatikana mahali pamoja, juu ya kichuguu nyuma ya nyumba yake. Alipanda na tumbo lake, akishikilia vichaka, akaifungua tovuti. Kikaja kiduara. Kikazunguka. Kikazunguka tena. Alisimama pale mpaka miguu ikavimba, kiduara kinazunguka na mto unanguruma, na alijua mwanawe huenda yumo humo ndani, nyuma ya kile kiduara, na hakuna mlango wa kubisha. Alishuka, akapanda, akashuka. Gulio lilikuwa kesho kutwa. Mwishowe alituma ujumbe mfupi kwa namba iliyotangazwa redioni: ukurasa wenu huku haufunguki.

Ndalahwa ndiye aliyeusoma. Akamwambia Sizya vazi ni zito, livuliwe. Sizya akajibu subira huvuta heri, mtandao wa kule utatengemaa, na vazi lile ndilo linalowafanya watu waamini. Ndalahwa akamwambia mwenye shibe hamjui mwenye njaa, tena uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Wakanuniana. Sizya alipotoka kwenda kula, Ndalahwa hakumngoja. Alilivua joho lote, picha pana, rangi, madoido, akauvika ukurasa vazi jepesi lisilo na pambo lolote. Picha akazipunguza hadi zikawa za ukubwa wa kucha. Sizya aliporudi alilia machozi ya kweli, na siku hiyohiyo walezi wawili wakaomba picha za watoto wao ziondolewe, wakisema tovuti imegeuka ya matapeli.

Nyamizi alipanda kichuguu. Akabonyeza. Na ukurasa ukafunguka.

Ulifunguka papo hapo, kabla hajashusha kidole. Aliduwaa. Mto ulioishinda serikali na daraja lake la chuma, mto ambao hakuna mtumbwi uliothubutu kuuvuka, watoto wa ng'ambo waliuvuka wote kwa mara moja na kujipanga mkononi mwake. Alihisi yuko mbele ya jambo kubwa kuliko yeye, na akajiona mdogo, na akashukuru.

Kisha akaanza kutafuta. Uso huu. Uso huu. Uso huu. Vipara vitupu, fulana nyeupe tupu, vidogo kama punje za maharage. Alifika mwisho. Mwanawe hayumo. Niwaambie, macho ya mama yalipita juu ya Mhoja wala hayakusimama.

Alikaa chini pale pale juu ya kichuguu. Angeshuka, lakini alikuwa hana nguvu za kushuka, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kusoma maneno yaliyokuwa chini ya picha, polepole, kwa midomo. Wa kwanza hupenda kuimba. Wa pili huogopa kuku. Akaendelea, akaendelea, hadi akafika mahali palipoandikwa hivi: "Mvulana. Hasemi. Akitaka kulala hushika sikio la mtu aliye karibu, akalisugua mpaka usingizi umchukue."

Nyamizi alipeleka mkono sikioni mwake. Kabla hajautazama tena ule uso mdogo alikuwa amekwisha kumjua, na alipoutazama, Mungu wangu, alikuwa yeye, Mhoja, alikuwa yeye tangu mwanzo. Alilia kwa sauti hadi majirani wakatoka wakidhani uchungu umeanza. Na kweli ulikuwa umeanza.

Simu zilipigwa. Lori lilipokuja, Bi Kashindye alisimama mlangoni akasema huyu ana mama. Maji yalipopungua alimvusha mwenyewe kwa mtumbwi, na Mhoja alimkuta mama yake kitandani na mtoto mchanga wa kike ubavuni.

Katika nchi ile ilikuwa desturi kwamba anayemrudisha aliyepotea, mtoto anayezaliwa baadaye katika nyumba ile hupewa jina lake, na jina la kwao halichagui mume wala mke. Mtoto hubeba jina la mtu mmoja tu, na mtu huyo huwa somo wake mpaka kufa, harusi ya mmoja ni harusi ya mwenzake, msiba wa mmoja ni msiba wa mwenzake. Tena mtoto asiye na jina hatolewi nje kuonyeshwa jua.

Watu walimtaja kwanza Bi Kashindye. Alikataa. Alisema, "Mimi nilimlea, sikumrudisha. Moyoni nilikuwa naomba asipatikane mwenyewe." Nyamizi akamshika mkono asiuachie.

Ndipo walipoitwa wale watatu kutoka mjini. Sizya akasema kuwa picha isingekuwepo bila heshima aliyoiona bibi, na kwa picha zake pana mama angemjua mwanawe kwa jicho la kwanza, asingempita. Ndalahwa alikuwa ameinamisha kichwa. Alikiri kwamba aliharibu kazi ya mwenzake kwa siri, na wapo watoto wawili waliotolewa ukurasani kwa sababu yake. "Lakini mlango ulikuwa umefungwa," akasema, "na mimi nilifungua." Mwasiti hakuinamisha kitu. Alisema mama aliuona mlango wazi, akaziona na nyuso, na bado akampoteza mwanawe mara ya pili, na kilichomrudisha ni maneno. Sizya akamgeukia, akamkumbusha kuwa maneno hayohayo yaliiweka picha ya Mhoja foleni huku lori likikaribia. Mwasiti akasema ni kweli.

Nyamizi aliwasikiliza wote. Kila aliyesema alimwona ana haki, na aliyefuata alimwona ana haki zaidi. Wakwe walimngoja. Jua lilikuwa limeshafika kizingitini, na mtoto alikuwa anaangaza macho tu, hana jina. Nyamizi akamnyanyua kuelekea mlangoni, akafumbua kinywa.

Mimi naishia hapo. Ninyi mliokaa mkinitazama, mchukueni mtoto, mbebeni. Mngemwita Sizya, aliyefanya mlezi aamini? Mngemwita Ndalahwa, aliyefanya ukurasa ufunguke? Au mngemwita Mwasiti, asiyemwona Mhoja hata leo, na ndiye aliyefanya mama yake amwone? Semeni, ni nani aliyemrudisha mtoto?